Wembe Ulifika Kabla ya Majibu ya Damu

S.L.P. 61,
Kilwa Masoko.
15 Oktoba 2023.

Mpendwa Mjomba Severini,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii mapema, maana mengine yanayofuata hayatakuwa laini hivi. Hujambo huko Tabora? Goti linaendeleaje? Mkaza mjomba Consolata aliniambia sasa unatembea hadi kanisani bila mkongojo, nikashukuru. Na mvua, zimeanza kuwagusa? Huku kwetu bado kukavu, korosho zinadondoka, na vumbi la Masoko linaingia hata kwenye chumvi.

Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto, ambao mfupa wake umevunjika na umefungwa hogo, ile plasta ngumu. Ukiona mistari inapinda, jua karatasi inaniteleza kwa kuwa sina mkono wa kuishikilia. Utaelewa mbele jinsi ulivyovunjika.

Nilikupigia simu mara mbili, mjomba. Mara zote mbili ulisema, "Restuta, punguza sauti," halafu ukakata. Basi nimepunguza. Karatasi haina sauti. Barua hii ataileta Jafari, dereva wa lori anayepeleka chumvi huko, na nimemwambia akukabidhi mkononi mwako, si kwa mtu mwingine. Isome peke yako.

Debora yupo kwangu. Yu hai. Ana nusu ya nywele.

Nianze na ugonjwa, maana naona ulisimuliwa uchawi kabla hujasimuliwa ugonjwa. Tangu Kwaresima mdogo wangu alianza kukonda huku anakula kama mtu aliyetoka kulima mbuga nzima. Julai, wakati sisi tunajifunga kanga mbili mbili kwa baridi, yeye alikuwa anavuja jasho. Usingizi ulimkimbia. Usiku alitoka uani na kanga moja tu kiunoni akajimwagia maji, kwa sababu mwili ulimwaka. Mikono ilitetemeka hata akikumiminia chai, nusu inakwenda kwenye sahani. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Macho yakatoka mbele, yakawa makubwa, kama ya mtu aliyeshtuliwa na hajaacha kushtuka.

Alikwenda zahanati. Akapewa dawa za malaria. Hakupona, akapewa za taifodi. Hakupona, akaambiwa ni mawazo ya ujane, aolewe. Nchi hii mwanamke akiumwa hupewa vidonge mara mbili, na mara ya tatu hupewa mawaidha! Mawaidha hayana gharama wala hayahitaji kipimo, ndiyo maana hayaishi kwenye kabati la dawa.

Mwezi wa nane nilimtoa kijijini nikamleta hapa Masoko. Kuna daktari kijana anaitwa Naima. Huyu hakuanza na karatasi, alianza na glasi ya maji. Alimpa Debora akamwambia, "Meza taratibu, dada," kisha akainama akaitazama shingo yake. Mjomba, na mimi niliona. Kila Debora alipomeza, kivimbe kilipanda na kushuka chini ya koromeo. Tumemtazama miezi yote hiyo tukasema shingo imejaa kwa sababu uso umekonda!

Daktari alitueleza kuna tezi pale shingoni, umbo lake kama kipepeo aliyekunjua mbawa, na kazi yake ni kuupa mwili mwendo. Ikizembea, mtu anapoa, ananenepa, anasinzia. Ikizidisha, mwili unakimbia hata mtu akiwa amelala, na moyo ndio unaokimbia zaidi. Alishuku inazidisha. Alichukua damu, ikapelekwa Dar, akasema tusubiri majibu ili asimpe dawa kwa kubahatisha. Akamwonya asifanye kazi nzito, asishtuliwe, asipandishwe hasira.

Sasa unamjua Debora. Korosho zikaanza kudondoka, naye akasema haziwezi kujiokota. Nilimgombeza mpaka majirani wakatoka nje. Akapanda basi akarudi kwa watoto wake na mikorosho yake. Na ndipo alipowakuta lambalamba.

Wewe uliondoka zamani, labda hukuwahi kuwaona. Ni waganga wa kuzunguka, wanaalikwa na vijiji kufichua wachawi. Wanaingia na ngoma, wanachimbua nyumba za watu na kuibua vibuyu ambavyo, kwa akili yangu, huingia navyo wenyewe kwenye mikoba. Anayetajwa hunyolewa kichwa mbele ya watu, huchanjwa chale, hunyweshwa unga wao, na hukatazwa kugusa dawa nyingine yoyote hadi kufa. Serikali imewapiga marufuku. Marufuku hiyo inaishia pale lami inapoishia.

Kijijini kulikuwa kumekufa mtoto, mjukuu wa jirani yetu, kwa homa ya siku chache. Wakaitwa. Na walipouliza nani anashukiwa, kijiji kizima kilitazama upande mmoja.

Angalia uovu wa jambo hili, mjomba. Kila dalili aliyoiandika Daktari Naima kwenye kadi, wao waliisoma upya kwa macho yao. Anatoka usiku nusu uchi, basi anawanga. Anakula hanenepi, basi anakula na wenzake wasioonekana. Anatetemeka, basi damu ya mtoto inamdai. Macho yamemtoka, basi yameona ya kuzimu. Hakuna aliyedanganya. Waliyoyaona yote yalikuwapo mwilini mwake. Ndiyo maana nimekasirika zaidi, kwa kuwa mwongo unaweza kumuumbua, lakini mtu aliyeona kweli akaielewa kijinga utamfanya nini?

Mdogo wetu Andrea akakupigia. Alikueleza nini sijui. Ulichojibu kwa ujumbe wa sauti ninakijua, kwa sababu kilichezwa kwenye simu yake, sauti ya juu kabisa, mbele ya watu wote: "Kama kijiji kimesema anyolewe, basi anyolewe, yaishe. Tusitiane aibu." Hayo ni maneno yako. Na katika ukoo wetu mjomba akisema, mlango umefungwa. Hata baba angekuwa hai angekaa kimya, sembuse Andrea, ambaye hajawahi kuamua hata rangi ya shati lake.

Aliyenipa habari ni Abilahi, yule Mmatumbi muuza nyama, mtani wetu. Hata siku ile hakuacha utani. "Mmwera," aliniambia kwenye simu, "mtumwa wangu mmoja ananyolewa kesho. Njoo upesi, nisibaki na wewe peke yako, wewe hutumiki."

Nilipanda basi la alfajiri. Nilifika Rutamba mchana, nikachukua pikipiki mpaka kijijini, na ngoma nilizisikia kabla ya kuona bati la kwanza.

Debora alikuwa chini, uwanjani. Vijana wawili walimkalia miguu. Watoto hao nimewafundisha kusoma! Wa tatu alimkaba shingo, pale pale kwenye ile tezi, ili kichwa kisicheze. Mkuu wao, wanayemwita Fundi, alikuwa na wembe. Alikuwa amemaliza upande wa kulia, na alikuwa ananyoa kama mtu anayekwangua masizi kwenye sufuria, ngozi na nywele pamoja. Damu ilimwingia sikioni. Kila baada ya mkwaruzo mmoja alimzaba kofi na kumwambia, "Taja wenzako!" Niliuona moyo wa Debora, mjomba. Ulikuwa unagonga shingoni, chini ya kile kiganja, kama kitu kilichofungiwa ndani kinataka kutoka.

Sikuuliza. Nilichukua mchi uliokuwa kwenye kinu cha jirani nikampiga nao mkaba shingo kwenye bega, akaachia. Nilimpiga wa pili mgongoni. Wa tatu sikumfikia, kwa sababu rungu la mmoja wa wafuasi wa Fundi lilinipata mkononi na mchi ukaanguka. Sijutii. Ningekuwa na mikono minne ingevunjika yote minne.

Andrea alisimama pembeni na simu. "Dada, usituharibie," akasema. "Mjomba ameshasema." Nikamwambia mjomba yuko Tabora na damu iko hapa. Akabonyeza ile simu tena. Nikakusikia kwa masikio yangu mwenyewe, nimelala vumbini: yaishe, tusitiane aibu. Na Fundi akasema, "Mmesikia wenyewe," akamrudia Debora.

Hapo ndipo Abilahi alipoingia.

Alikuja analia kilio cha msibani. Amejipaka jivu uso mzima, amejifunga kanga ya mkewe, mkononi ana mwiko. Watu wakampisha, maana mtani akiingia hivyo hakuna wa kumzuia. Akajitupa kando ya Debora, akagaagaa.

"Wamwera! Mtumwa wangu amekufa hamnipi taarifa?"

Bibi mmoja akamjibu, "Toka hapa, Mmatumbi mla panya! Huyu hajafa!"

"Hajafa?" Akakaa. "Na mnamchuna? Mimi mchinjaji, nachinja kwanza ndipo nichune. Ninyi mnachuna mzima! Na hao panya, bibi, nimewaiba jikoni kwako."

Watu wakacheka. Ndiyo, mjomba, walicheka, damu ikiwa bado inatoka. Lakini kicheko kile kililegeza mikono, na wale vijana wakainuka kwenye miguu ya Debora. Abilahi akaunyakua mkoba wa dawa wa Fundi, akauvaa kichwani kama kofia, akakalia kigoda chake. "Mkoba nimeuchukua, mtumwa namchukua. Ndiyo haki yangu. Nani anabisha?"

Hakuna wa kwetu ambaye angebisha. Sheria unaijua: mtani akiwa kwenye utani wake hapigwi, hakamatwi, hakasirikiwi. Anaweza kuchukua kuku wako siku ya matanga na ukamshukuru. Lakini wale lambalamba walikuwa watu wa kuja. Waliona mchinjaji mwendawazimu amevaa mkoba wa mkuu wao. Yule yule mwenye rungu akampiga Abilahi mdomoni.

Meno yalianguka vumbini. Ngoma zikanyamaza. Kisha yule bibi wa panya akapiga ukelele: "Wamempiga mtani!"

Sijawahi kuona kijiji kikigeuka vile. Watu waliokuwa wanapiga makofi wembe ukipita kichwani kwa mwanamke waliokota mawe, michi, majembe, matofali. Ngoma zilipasuliwa. Pikipiki zao zilichomwa. Fundi alivutwa kwa miguu, na wa kwanza kumvuta walikuwa wale wale waliokuwa wamemkalia Debora, mikono yao bado ina nywele zake. Walimpiga mpaka uso wake ukawa hauna pua ya kuonekana. Wembe wake mwenyewe ulimpita shavuni. Kama mgambo wasingefika, pale pangezikwa watu. Hao hao mgambo ndio waliotupakia kwenye gari kutupeleka hospitali.

Sikumhurumia Fundi, na sitajifanya nilimhurumia. Lakini kilichonichoma si yeye. Kilichonichoma ni kwamba mdogo wangu alipigwa na kuchanwa ngozi, na hakuna aliyeona sheria yoyote imevunjwa. Meno mawili ya mtani yalipodondoka, hapo ndipo wote wakakumbuka kuwa dunia ina miko. Tunajua kulinda utani, mjomba. Mgonjwa hatujui kumlinda.

Debora tulimfikisha hospitali mwili unachemka, anatapika, anaongea na marehemu mama. Wauguzi walishika mshipa wake wakatazamana. Nilimpigia Daktari Naima. Majibu ya damu yalikuwa yamefika Masoko mchana ule ule, wakati sisi tuko uwanjani. Ni tezi. Inazidisha kupita kiasi. Akazungumza na daktari wa zamu, akamwambia kwamba kipigo na hofu vimeiwasha kama petroli, na kwamba moyo ungeweza kusimama. Walipambana naye usiku kucha. Mungu na watu wale hawakulala.

Alipewa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kutuliza moyo. Ndani ya siku chache mkono ulipunguza kutetemeka. Siku moja aliomba shuka, mjomba. Alisema anasikia baridi. Nilikwenda chooni nikalia.

Abilahi bado yuko hospitali kule, wodi ya wanaume, taya limefungwa, anaongea kwa kupitisha maneno pembeni. Nilipokwenda kumshukuru aliniambia nisimletee maneno, nimletee supu, kwa sababu meno mawili ya Mmatumbi yana thamani kuliko shingo zote za Wamwera.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Andrea alikuja hospitali. Alikaa kitandani kwa dada yake, akalia machozi ya kweli, na nilipotoka kununua uji akachukua vidonge vyote akavimwaga chooni. Haikuwa chuki. Kwake yeye, aliyenyolewa akinywa dawa nyingine, dawa ya Fundi humgeuka na kumuua. Alikuwa anamwokoa! Nilipogundua, moyo wa Debora ulikuwa umeanza tena mbio zake. Ndipo nilipomhamishia kwangu, karibu na Daktari Naima, na vidonge nalala navyo chini ya mto.

Kijijini wanasema mchawi aliyenyolewa nusu ni mbaya kuliko ambaye hakunyolewa kabisa, kwamba uchawi wake umejeruhiwa na sasa una hasira. Wanatafuta fundi mwingine amalizie upande wa kushoto. Andrea amewakalia watoto, Katarina na mdogo wake. Hatawatoa mpaka mama yao arudi amalizwe. Nilimwambia nitamletea polisi. Akasema, "Polisi si mjomba. Mjomba alifunga, mjomba ndiye atakayefungua."

Daktari anataka Debora aende Dar kwa mabingwa, waamue kama watamfanyia upasuaji au watampa dawa ya kuisinyaza tezi. Debora hataki kwenda popote bila watoto. Juzi ameniambia, kwa sauti ya mtu anayepanga kwenda sokoni, kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi huu atarudi kijijini, akae chini, wamnyoe upande uliobaki, anywe unga wao, ili awapate watoto wake. Nikamwambia utaacha vidonge, utakufa. Akasema, "Nitakufa nimewashika."

Mimi nimewajibu magazetini wanasiasa, mapadri, masheikh na wahariri. Hilo sikuwa na la kulijibu. Wewe unalo.

Rekodi ujumbe mwingine. Sema kwa jina lako na la mama yetu, kwamba Debora ni mgonjwa wa tezi, si mchawi. Kwamba neno lako la kwanza umelifuta. Kwamba watoto wapewe shangazi yao mkubwa, mimi Restuta... hapana, watakucheka: mimi kwao ni mama mkubwa. Unaona, hasira inanipotezea hata undugu. Sema vidonge vya hospitali ameviruhusu mjomba. Usiseme "tumwachie Mungu." Usiseme "mkae mzungumze." Sema wazi kama ulivyosema lile la kwanza, na mwambie Andrea alicheze uwanjani pale pale, sauti ile ile ya juu.

Usipofanya hivyo nitakwenda mwenyewe Jumamosi, siku moja kabla yake, kuwachukua watoto. Nina mkono mmoja mzima na michi iko mingi. Nitashindwa, labda, lakini safari hii hakutakuwa na mtani wa kutuchekesha, na damu itakayomwagika itakuwa ya ukoo wako peke yake.

Mkaza mjomba Consolata mpe mkono wangu. Binamu Erasmo na Valeria nawasalimu na watoto wao wote. Salamu pia kwa wazee wa jumuiya yenu waliotuombea mama alipofariki. Mungu akuponye goti, akupe miaka, na katika miaka hiyo akupe ujasiri wa sentensi moja.

Nimemsomea Debora barua hii. Amesema nimekuwa mkali, mjomba hasemwi hivyo. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amelisema. Pale chini, kabla sijafika, sauti yako ilipotoka mara ya kwanza, aliinua kichwa akakutafuta katikati ya watu. Alijua umekuja kumchukua. Hakusikia maneno yote mara moja. Aliendelea kukutafuta, mpaka kwenye neno "anyolewe."

Mpwa wako, akupendaye na kukungoja,
Restuta.